Ngazi za Ghorofa ya Tisa

Mpwa wangu Tekle alinitumia kasha kutoka Batumi:
sabuni ya waridi, mshumaa wa waridi,
udongo wa kupaka usoni,
na kadi yenye maneno ya dhahabu: Jipende, shangazi.
Nikajipaka. Nikalala chali dakika ishirini
kama maiti anayengoja kuoshwa,
kisha nikanawa, na chini ya udongo
nikamkuta yuleyule.

Jino lilikuwa bado linauma.
Barua za benki zilikuwa bado kwenye kopo la biskuti,
hazijafunguliwa tangu majani yaanze kupukutika,
na mimi bado nilikuwa nakula mkate nimesimama,
saa nane za usiku, taa imezimwa,
kama mtu anayejiibia.

Hapa Rustavi lifti zetu hula sarafu.
Unatumbukiza tetri ishirini, inakoroma, inakupandisha.
Daktari alinibonyeza goti kama anayechagua tikiti sokoni,
akasema: Nanuli, hiyo sarafu irudishe mfukoni.

Miaka thelathini nimeketi juu ya watu,
ndani ya kreni ya kiwanda cha chuma,
nikiinua tani kwa tani kwa vidole viwili.
Mwili huu mmoja, kilo tisini na moja,
hauna hata pete ya kupitishia kulabu.

Siku ya kwanza niliishia ghorofa ya tatu.
Nilimtukana daktari, na ukoo wake,
na aliyevumbua ngazi.
Ya tano inanuka vitunguu vya Lamara.
Ya sita taa imekufa, unapapasa ukuta.
Ya saba mtu amechora moyo, ameandika Sopo,
na kila nikipita namuuliza, kwa pumzi niliyobakiwa nayo:
ulimkubali?

Nilidhani kujitunza ni kujidekeza.
Kumbe ni kujisumbua,
kujigongea mlango alfajiri
na kukataa kuondoka hata ukijitukana kutoka ndani.

Barua nafungua moja kila Jumatatu. Moja.
Ya kwanza ilinifanya nitapike.
Ya pili lilikuwa tangazo la majiko.
Miezi minne nimekosa usingizi
kwa kuogopa tangazo la majiko!

Jino waling'oa. Nililiomba,
nikaja nalo kwenye karatasi.
Dogo mno, ukifikiria usiku wote lililotafuna.

Lililobaki lilikuwa kaka yangu, baba yake Tekle.
Nyumba ya mama kule Ozurgeti, nilivyoiuza,
nilivyomwambia Otia bei isiyokuwa bei.
Niliyafanyia mazoezi maneno ngazini,
silabi moja kwa kila ngazi:
ni, li, ku, o, ne, a.
Ngazi ni kumi na nane kwa ghorofa,
kwa hiyo mara tatu, kisha napumzika,
kisha mara tatu.
Nilipompigia alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.
Mbona unahema, akauliza, unaumwa?
Napanda, nikamwambia.
Hakusema amenisamehe. Aliuliza ghorofa ya ngapi.

Siku ya kumi na tisa nilitumbukiza sarafu.
Mvua haikuwepo. Mzigo haukuwepo.
Lifti ilinibeba kwa heshima zote
kama malkia anayepelekwa kunyongwa,
na nilipofika nilikula mkate nimesimama.

Siku ya ishirini nilipanda tena. Sina la kuongeza hapo.

Mshumaa wa Tekle nimeuweka ghorofa ya sita.
Nauwasha nikifika, naketi karibu nao, nasugua goti,
na kwa dakika mbili kona ile ya mkojo wa paka
inanukia waridi.
Nauzima, naendelea.

Jana nimenunua balbu.
Nilinyoosha mkono, nikasimama kwa ncha za vidole,
ikabaki shubiri moja.
Kesho nitashuka na kigoda.
Kisha, bila shaka,
nitakipandisha.